Shahidi wa Asubuhi

Mtoto alianguka saa kumi na mbili na robo asubuhi, na kabla haijafika saa moja, majirani wa pande zote mbili walishajua kwamba mama yake kamwangusha.

Hakuanguka pabaya, Mungu mkubwa. Alikuwa na miezi saba, jina lake Haidar, na alimchopoka Rumaitha mikononi kama samaki, akatua nusu kwenye godoro lililokunjwa na nusu kwenye sakafu ya saruji. Mdomo ukapasuka kidogo. Damu ya mdomo wa mtoto haiwi nyingi, lakini hutangaza kuliko mpiga mbiu. Bi Moza, mama mkwe, alikuwa ukumbini akimalizia uradi wake. Aliingia chumbani bila ya hodi, tasbihi ikining'inia kidoleni.

"Umemfanya nini?"

"Kaniponyoka, mama. Mikono yangu..."

"Mikono! Kila siku mikono!" Bi Moza alimwokota mjukuu wake, akamfuta damu kwa pembe ya kanga. "Hebu njooni mwone! Kamwangusha mtoto wa watu!"

Rumaitha alibaki ukingoni mwa kitanda. Mikono yake miwili ilimlalia mapajani kama vitu vya kuazima. Alitaka kusimama amfuate mwanawe, lakini nyayo zilipogusa sakafu alihisi anakanyaga kokoto, na vifundo vya mikono vilikuwa vimevimba hata bangili ya harusi ilikuwa haizunguki. Vidole vilikataa kukunjika. Akaita, "Mama, nipe mwanangu," lakini Bi Moza alikuwa keshatoka na mtoto.

Hayo yalikuwa na miezi minne. Yalianza Haidar alipotimia miezi mitatu, kwanza vidoleni, kisha viganjani, kisha magotini na nyayoni. Kila alfajiri Rumaitha aliamka mwili umekaza, kama mtu aliyemwagiwa saruji usiku. Hakuweza kufungua bomba atawadhe. Hakuweza kukamua tui. Vifungo vya gauni alifungwa na mumewe, Hamzah, naye alimfunga mlango ukiwa umekomewa, asije akaonekana. Lakini jua likishapanda, viungo huanza kuachia kidogo kidogo, na ikifika saa nne Rumaitha hufagia uwanja, hupika, na akitaniwa na majirani hucheka kama wenzake.

Kicheko hicho ndicho kilichomponza. Asubuhi mgonjwa, adhuhuri mzima: nani atakubali? "Ugonjwa gani huu," Bi Moza akiwauliza wanawake wenziwe, "wenye saa zake kama ofisi?" Wengine walisema ni baridi ya uzazi. Rumaitha hakutimiza arubaini yake. Siku ya thelathini alivuka kwenda Fundo kumzika baba yake, na mvua ikamnyeshea mashuani. Wengine walinong'ona kwamba ana jini asiyependa swala ya alfajiri. La uvivu alilizoea. Hili la jini lilimkata maini, kwa sababu alikuwa akisali alfajiri kila siku, kaketi juu ya kigoda, na sijida akiifanya kwa kuinamisha kichwa tu.

Asubuhi ile walimpeleka Haidar kituo cha afya, hatua chache kutoka madukani Mtambile. Bi Moza alimbeba mtoto, Rumaitha akifuata nyuma, akitembea kama anayechagua pa kukanyaga. Muuguzi aliyekuwa zamu, jina lake Duni, alimvua mtoto shati, akamtazama kichwa, macho, mbavu, akamchezesha miguu. Haidar akamvuta miwani.

"Mtoto huyu mzima," Duni alisema. "Mdomo utapona wenyewe. Haya mama, mvishe."

Rumaitha alichukua shati. Kifungo cha shati la mtoto ni kidogo kama punje ya mtama. Alikishika, kikamtoroka. Akakishika tena. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Mara ya tatu kidole gumba kilikataa kabisa, na Bi Moza akasonya.

"Mpe bibi yake, utatuweka hapa mpaka magharibi."

"Mwache, bibi," alisema Duni. Sauti yake haikuwa kali, lakini ilimnyamazisha Bi Moza. Alimshika Rumaitha mkono, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akabonyeza taratibu kwenye vifundo vya vidole. "Hapa?"

"Mh!"

"Na huu mkono mwingine?"

"Vivyo hivyo. Pale pale."

"Na nyayo?"

Rumaitha aliitikia kwa kichwa. Duni hakuuliza tena. Alivuta karatasi, akaandika barua mistari sita, akaigonga muhuri.

"Dada, kuna kliniki ya viungo hospitali, kule Wete. Jumatano. Yuko daktari ambaye kazi yake ni hiyo tu, viungo. Hii barua usiipoteze, na usiseme utakwenda mwezi ujao. Viungo vikishapinda havirudi."

Alasiri kikao kilikaa. Mzee Masoud, ami yake Hamzah na mkubwa wa ukoo tangu baba yake Hamzah alipofariki, alikaa kwenye kiti cha pekee chenye mto. Bi Moza alikaa mkekani, Haidar amelala mapajani mwake. Hamzah, fundi wa pikipiki, alitoka kazini mbio na mafuta bado kuchani. Rumaitha alipewa kigoda karibu na mlango, kama mtu aliyekuja kuuza kitu.

"Hapa hakuna anayeachwa," Mzee Masoud alianza, na kila mtu akajua kwamba neno hilo limeshafikiriwa. "Tunachosema, mwanamke aende kwao Fundo akapumzike. Achuliwe, asomewe. Mtoto abaki kwa bibi yake, maana leo kaanguka kwenye godoro, kesho ataanguka kwenye moto. Akipona, atarudi."

"Ami, mtoto ananyonya," Rumaitha alisema.

"Maziwa ya kopo yapo."

Hamzah alikuwa akijikwangua mafuta chini ya ukucha, kidole kimoja baada ya kingine. Rumaitha alimtazama mpaka akachoka kumtazama. Kisha akatia mkono kifuani, akaitoa barua kwa shida.

"N'na barua ya hospitali. Jumatano ni keshokutwa. Niruhusuni mpaka hiyo Jumatano tu. Daktari akisema mie mzima, mie mvivu, ntapanda mashua peke yangu, wala hamtanisindikiza."

Mzee Masoud aliisoma barua kwa mbali, mkono ameunyoosha. Bi Moza alidakia.

"Daktari ataambiwa na nani? Na yeye mwenyewe? Atafika huko saa tano, kashalegea, kajipaka wanja, atamdanganya mtoto wa watu apewe cheti. Kama ni kwenda, twende wote. Mimi ndiye ninayemwona asubuhi. Ntamwambia daktari yote, moja baada ya moja, ajue mtu wa aina gani kaletewa."

"Naam," Mzee Masoud alisema, akaikunja barua. "Shemeji awe shahidi."

Watu walipotawanyika, Rumaitha alimkuta mumewe nje, penye bomba, akisugua mikono kwa sabuni ya unga.

"Hukusema kitu, Hamzah."

"Ningesema nini mbele ya ami?"

"Ungesema kwamba wanifunga vifungo kila asubuhi."

Hamzah alisugua. Maji meusi yalipita kati ya vidole vyake, na vidole vyenyewe vilifunguka na kufumba, vyepesi, bila ya kufikiriwa.

Jumatano, benchi la kliniki ya viungo kule Wete lilikuwa refu na limejaa. Rumaitha, Haidar akiwa kajitandika mgongoni mwa bibi yake, alitafuta pa kukaa na jambo la kwanza aliloliona ni namna watu wanavyosimama. Kila aliyeitwa jina alianza kwa kushika kitu: ukuta, bega la jirani, fimbo. Kisha huvuta pumzi. Kisha ndipo huinuka. Alidhani duniani hakuna anayeinuka hivyo ila yeye peke yake.

Mzee mmoja mwenye kofia nyeupe alitoa chupa ya maji mfukoni, akajaribu kuifungua, ikamshinda. Akampa jirani yake. Jirani akajaribu, akatikisa kichwa, akaipitisha. Chupa ilisafiri benchi zima, kutoka mkono mmoja uliovimba hadi mkono mwingine uliopinda, mpaka kwa msichana wa sare ya skuli ambaye naye aliijaribu kwa meno, akacheka, akasema, "Hata mie." Benchi zima likacheka. Wakacheka watu wazima, wakijipiga mapaja taratibu wasijiumize. Chupa ikamfikia Bi Moza. Bi Moza akaizungusha mara moja, tak, ikafunguka.

"Mashallah," walisema watu kama walioona muujiza.

Bi Moza aliirudisha chupa kwa fahari. Kisha akamtazama yule msichana wa skuli, umri wake haujafika kumi na tano, na macho yake yakakaa pale kwa muda.

Daktari aliitwa Ummkulthum. Alikuwa mwanamke mfupi, sauti ya chini, na alikuwa na tabia ya kungoja mtu amalize kusema hata pale ilipoonekana kamaliza. Alisoma barua ya Duni. Akaiweka kando, akamgeukia Rumaitha.

"Ukiamka asubuhi, viungo vinakaza?"

Rumaitha alisita. Swali hilo lilikuwa lile lile aliloshitakiwa nalo kwa miezi minne, na sasa linatoka kwenye mdomo wa daktari, na shahidi wa mashitaka kakaa pembeni yake. "Vinakaza," alisema, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa. "Lakini vinaachia baadaye."

"Baada ya muda gani?"

"Kidogo tu, daktari. Pengine nusu saa."

"Mwongo!" Bi Moza aliruka pale kwenye kiti, Haidar akashtuka. "Nusu saa! Daktari, andika nikwambie mimi. Alfajiri namwamsha, hainuki. Saa moja kakaa kitandani kama kinyago. Saa mbili atembea kwa kushika ukuta, ukimpa kikombe kinamwanguka. Mpaka saa nne! Saa nne ikifika, huyo, kashika ufagio, kinywa wazi na majirani! Miezi minne, kila siku ya Mungu. Hata siku ya Idi! Siku ya Idi nguo kavishwa na mumewe, wanadhani sikuona, nimeona kwa tundu ya mlango. Sasa mimi nakuuliza wewe uliyesoma: ugonjwa gani huu wenye saa zake kama ofisi?"

Daktari Ummkulthum aliweka kalamu chini.

"Rudia, mama. Mpaka saa nne?"

"Saa nne."

"Kila siku? Hakuna hata siku moja aliyoamka mwepesi?"

"Hakuna. Mimi ndiye ninayemwamsha."

"Na mikono yote miwili? Hajawahi kusema leo ni mmoja tu?"

Bi Moza alifikiri. Alikuwa mwanamke mkali, lakini hakuwa mwongo. "Yote miwili," alisema, polepole kidogo. "Daima yote miwili."

Daktari aliandika. Kisha alikishika kiganja cha Rumaitha kama mtu anayesalimiana naye, akakibana kidogo upande hadi upande, na Rumaitha akatoa ukelele ambao hakuutarajia. Mkono wa pili vivyo hivyo. Nyayo vivyo hivyo. Damu ilichukuliwa, picha ya mikono ikapigwa, na mchana walipoitwa tena ndani, majibu yalikuwa mezani.

"Mama," daktari alimwambia Bi Moza kabla ya kumwambia Rumaitha, "uliniuliza swali. Ugonjwa wenye saa zake kama ofisi upo. Ndio huu. Watu huita kila maumivu baridi yabisi, lakini hii ndiyo yenyewe hasa. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, imegeuka inapigana na viungo vya mwenyewe. Hukaza zaidi asubuhi, kisha huachia. Hupenda kuanza kwa mwanamke aliyetoka kujifungua. Si baridi ya mvua, si arubaini, wala si shetani. Mwenyewe kaniambia nusu saa, kwa kuona haya. Ningemsikiliza yeye, pengine ningempa dawa ya maumivu nikamwambia aende zake. Wewe ndiye uliyenipa habari za ugonjwa wote."

Bi Moza alimhamisha Haidar kutoka goti hadi goti.

"Mvivu, mama," daktari aliongeza, bila ya ukali, "hachagui saa. Mvivu ni mvivu hata saa kumi jioni."

Hapo ndipo Rumaitha alipolia. Hakulia kwa maumivu. Alilia kama mtu aliyebeba mzigo kichwani njia nzima, na anapotuliwa ndipo anapojua ulikuwa mzito kiasi gani. Haidar alimtazama, akaona si jambo la kulia peke yake, naye akalia.

Daktari aliwangoja wote wawili. Kisha akaeleza dawa. Iko moja ambayo huwa wanaanza nayo, lakini haifai kwa anayenyonyesha wala mwenye mimba, kwa hiyo atampa nyingine mbili zisizodhuru maziwa. Atapimwa damu kila mwezi, na macho pia, maana dawa moja inataka macho yaangaliwe. Zinachelewa: hazifanyi kazi leo wala kesho, zahitaji miezi mitatu. Kwa kuanzia atapewa na vidonge vya kupoza moto huu wa viungo, kidogo, kwa wiki chache tu, kisha vitapunguzwa. "Vidonge hivi utaviona vinauzwa mitaani, na ukivimeza utajiona umepona siku hiyo hiyo. Usinunue. Vinakufurahisha leo, kesho vinakula mifupa."

"Na mimi je?" Bi Moza aliuliza ghafla, akionyesha magoti yake. "Haya yananiuma mwaka wa tisa. Basi na mimi ni hiyo hiyo."

"Asubuhi yanakukaza muda gani?"

"Nikishafika jikoni, yameachia."

"Basi yako ni mengine. Hayo ni ya kulika kwa kazi na umri. Nayo yana dawa yake, na dawa yake ni mazoezi." Bi Moza alionekana kama mtu aliyenyimwa kitu.

Mazoezi yalikuwa chumba cha pili, kwa Nassor, kijana mrefu aliyevaa raba nyeupe. Alimvisha Rumaitha vitambaa vigumu vya kushikilia viganja visipinde, akamwonyesha namna ya kuloweka mikono kwenye maji ya vuguvugu na kufumba na kufumbua vidole ndani yake. Kisha akakunja taulo likawa kama mtoto. "Usimnyanyue kwa vidole. Vidole si vya kubebea. Pitisha mkono wote chini yake, mvute kifuani, uzito ukae kwenye kiwiko." Rumaitha alifanya, mara tano, mara sita. Bi Moza alisimama mlangoni akitazama. Mara ya saba alisema, "Kiwiko kishushe kidogo," na Nassor akasema, "Sawa kabisa, bibi," na Bi Moza akatazama pembeni.

Bi Moza hakuwa mtu wa kuomba radhi. Hajawahi kumwomba hata marehemu mumewe. Lakini alfajiri ya pili yake, Rumaitha alipofumbua macho, lilikuwapo beseni la maji ya moto mbele ya mlango wa chumba, limefunikwa kwa sinia yasipoe. Na siku iliyofuata. Na iliyofuata. Haidar aliletwa kunyonya kitandani, akawekwa juu ya mto, na bibi yake akatoka bila ya kutazama nyuma.

Wiki nne za mwanzo zilikuwa nzuri. Vidonge vya kupoza vilipoza. Rumaitha aliinuka saa mbili, mara moja hata saa moja na nusu. Kisha vilipopunguzwa, kama daktari alivyosema vitapunguzwa, moto ulirudi. Wiki ya sita goti la kulia lilivimba kama dafu. Jirani mmoja alikuja na vidonge kwenye kikaratasi, akaapa kwamba dada yake kavila, kesho yake kaenda kucheza ngoma. Rumaitha alikitazama kile kikaratasi muda mrefu. Goti lilimpwita kama moyo wa pili. Mwisho alikirudisha. "Shukrani, dada. Mimi n'na daktari," alisema, na alishangaa namna maneno hayo yalivyomkaa mdomoni.

Habari za goti zilimfikia Mzee Masoud. Alikuja Ijumaa baada ya swala, akaketi kwenye kiti chake chenye mto.

"Mwezi na nusu," alisema. "Daktari kasema, tumesikia, tumengoja. Mgonjwa yuko pale pale. Mimi nasema lile la mwanzo lilikuwa la busara. Aende Fundo, mtoto abaki."

Rumaitha, safari hii, hakupewa kigoda cha mlangoni. Alikuwa amekaa kitini, mguu kaunyoosha, na Haidar yuko mkononi mwake, uzito kwenye kiwiko. Alikuwa anatafuta neno la kuanzia, na Bi Moza akamtangulia.

"Shemeji, shahidi ulimweka nani?"

"Wewe."

"Basi shahidi hajasema. Ngoja aseme." Bi Moza aliinuka kutoka mkekani, magoti yakalia kama kuni kavu, akasimama wima. "Mimi ndiye niliyemwita huyu mvivu. Nimemwita mbele ya majirani, miezi minne mfululizo. Nikaenda mpaka Wete kumshitaki, na kila nililolitaja kuwa ni uvivu wake, daktari akaliandika kuwa ni ugonjwa wake. Sikubakiwa na hata moja. Daktari kasema miezi mitatu. Hajasema mwezi na nusu. Kwa mdomo huu nilimsema, na kwa mdomo huu huu nafuta. Mwanangu huyu haendi popote. Na anayemtaka mjukuu wangu, atamkuta kifuani kwa mama yake."

Hamzah alikuwa mlangoni, amesimama.

"Na mimi namfunga vifungo, ami," alisema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Kila asubuhi. Tangu mtoto ana miezi mitatu. Nilikuwa naona haya kusema. Sasa sioni."

Mzee Masoud aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa mtu mzima, na mtu mzima hujua lini kikao kimemshinda. Alikohoa. "Kahawa haitolewi nyumba hii?" aliuliza.

Jumatano Daktari Ummkulthum hakushangaa kuliona goti. Alisema mwili mwingine huhitaji kubembelezwa zaidi. Akavuta maji gotini, akapandisha kipimo cha dawa, akamwambia Nassor abadilishe mazoezi. "Tuko njiani," alimwambia Rumaitha. "Hatujapotea."

Na kweli hawakuwa wamepotea. Haikuja siku moja ya muujiza. Ulikuja kwa vipande. Wiki ya kumi Rumaitha alifungua bomba. Wiki ya kumi na mbili alikamua nazi mbili, tui zito na jepesi, na Bi Moza alilionja akasema limezidi chumvi, jambo lililowachekesha wote kwa sababu chumvi ilikuwa haijatiwa. Mwezi wa nne, alfajiri moja, alitandika msala ukumbini karibu na ule wa mama mkwe wake. Kigoda hakukichukua. Aliposujudu, paji la uso likagusa mkeka, alikaa pale chini zaidi ya kawaida. Bi Moza alitoa salamu yake akamngoja, wala hakumharakisha.

Hakupona. Daktari alimwambia wazi kwamba ugonjwa huu hautoki kama homa. Hulazwa kama mtoto, na ukilala, watu huishi maisha yao. Vidonge alivimeza kila siku, damu ilipimwa, macho yalitazamwa. Kidole kimoja cha mkono wa kushoto kilibaki kimepinda kidogo, na asubuhi za mvua zilikuwa bado zinamkumbusha. Bi Moza naye alifanya mazoezi yake ya magoti kila alasiri, kwa manung'uniko mengi, akihesabu kwa sauti ili Nassor asikie kule Wete. Na kila Jumatano ya kliniki alikwenda pamoja na mkwewe, akakaa kwenye lile benchi, akafungua chupa za maji za watu.

Msimu wa karafuu ulipowadia, Haidar alikuwa na mwaka na miezi mitatu, na kutembea ameshakuchoka, anataka mbio. Asubuhi moja, jua halijachomoza, mlango wa uani ulisahauliwa wazi. Mabata ya jirani yalipita kwa mstari. Haidar aliyaona, akapiga ukelele wa furaha, akatoka nayo. Mabata yalikata uwanja, yakapita kando ya majamvi yaliyokunjwa, yakaelekea barabarani, ambako malori ya karafuu hupita mapema bila ya kujali mabata wala watoto.

"Haidar!" Bi Moza alipiga kelele kutoka jikoni. "Mtoto! Mshikeni mtoto!"

Hamzah alikuwa bafuni na sabuni machoni. Aliyetoka ni Rumaitha. Alitoka chumbani nywele wazi, kanga moja, miguu mitupu, akaruka kizingiti, akakata uwanja. Lori lilisikika likipanda mlima. Rumaitha alikimbia. Alikimbia kama msichana anayekimbizwa na wenzake pwani ya Fundo, vumbi likiruka nyuma yake, mabata yakitawanyika huku na huku kwa makelele. Alimfikia Haidar hatua nne kabla ya lami, akampitishia mkono chini ya kifua, akamnyanyua juu kabisa, juu ya kichwa chake. Lori lilipita, dereva akapiga honi.

Ndipo alipojitambua. Alisimama pale, anahema, mtoto angani, na mbingu bado ya kijivu. Aligeuka. Bi Moza alikuwa mlangoni, mwiko mkononi. Hamzah alikuwa nyuma yake, povu kichwani. Jirani wa kushoto alikuwa kwenye dirisha lake, na wa kulia juu ya baraza yake, wote midomo wazi.

"Kakimbia," alisema Bi Moza, kwanza taratibu, kisha kwa sauti ya kuusikilizisha mtaa mzima. "Mmeona? Mkwe wangu kakimbia! Nani hajaona? Aseme!" Kisha akapiga kigelegele, mwiko ukipepea, na jirani wa kulia akamwitikia, na wa kushoto naye.

Rumaitha alikuwa akicheka, machozi yanamteremka, hana mkono wa kuyafutia. Haidar juu kule alipiga mateke. Alitaka chini, mabata yalikuwa yameanza kujipanga upya, upande wa uani safari hii, mbali na barabara. Mama yake alimrudisha ndani ya uwanja, akaufunga mlango kwa kisigino, akamweka chini.

"Haya," alimwambia, akiikaza kanga yake kiunoni. "Kimbia tena."